Ng'ombe wa Arobaini na Moja

Gari langu waliliita Friji. Alianza Vedasto, mwenye Land Cruiser nne za kupeleka wageni kreta, siku nilipolitoa gereji kwa mara ya kwanza. Lilipita mbele ya stendi ya Karatu bila ngurumo, mlio mwembamba wa mota tu. "Jamani, friji la Marsela limetoroka jikoni!" akapaza sauti, na madereva wakacheka mpaka wakashika magoti. Haukupita mwezi, hata watoto wa darasa la pili walilijua jina hilo. Nilinuna wiki nzima, kisha nikachukua rangi nyeupe na kuandika FRIJI kwa herufi kubwa kwenye kioo cha nyuma. Kama ni jina langu, nitaliandika mwenyewe.

Lilikuwa Land Cruiser kuukuu ambalo injini yake ilishakufa. Niling'oa ile injini, nikafunga mota ya umeme na betri nilizozitoa kwenye magari yaliyopata ajali, kazi ya mwaka mmoja na miezi minne. Mlango wa dereva peke yake niliupiga msasa kwa mkono na kuupaka rangi mara tatu. Giaboksi niliiacha ileile ya zamani. Kumbukeni hilo la giaboksi, maana ndilo lililotaka kunizika.

Watu huniuliza: wewe Mwiraqw, binti wa mkulima wa ngano na maharage wa Rhotia, mambo ya anga yanakuhusu nini? Swali hilo hunipandisha damu. Hakuna anayemuuliza mwanamume wa Karatu timu ya mpira ya Ulaya inamhusu nini. Pale ambapo wenzangu hubandika kalenda za timu zao, mimi nimebandika orodha ya vyombo vinavyorushwa angani, na pembeni ya kila kimoja naandika kwa kalamu: kimeruka, kimelipuka, kimetua. Kimoja kilipolipuka sikufungua gereji mpaka mchana. Nina redio ya mawasiliano na leseni yake, na nimeshasikia kwa masikio yangu sauti kutoka kituo cha anga cha kimataifa kikipita juu ya migomba yetu.

Kwa hiyo Mwalimu Inosenti, niliyesoma naye na ambaye sasa anafundisha shule ya msingi huko Kakesio, alipoomba wanafunzi wake wazungumze na watu wa kituo hicho, alijua pa kuja. Tulisubiri jibu miaka miwili. Lilipokuja lilikuwa fupi: Jumatano, saa sita na dakika kumi na nne mchana, kituo kitapita juu ya Kakesio, na mtakuwa na dakika kumi. Kikishapita kimepita. Ombi jingine lingepangiwa foleni upya, na darasa la saba wangekuwa wameshamaliza shule.

Shule haikuwa na umeme. Mimi nilikuwa na redio, antena, na gari ambalo lenyewe ni umeme. Kutoka Karatu mpaka Kakesio ni zaidi ya kilometa mia, kupanda mpaka ukingo wa kreta, kuzunguka, kisha kushuka upande wa pili kupitia Malanja na Endulen. Nilipiga hesabu siku tatu. Ningefika chaji ikiwa ukingoni, lakini ningefika.

"Ukikwama nipigie," Vedasto aliniambia mbele ya watu. "Nitakuja na mnyororo nikuvute bure kabisa. Ila nitapiga picha."

"Friji halitavutwa," nikamjibu. "Sio na wewe, sio na mtu."

Tuliondoka Jumatano alfajiri, mimi na baba mdogo Sylvesta, ambaye aliendesha wageni miaka thelathini na mmoja kabla hajastaafu na ambaye anaijua barabara ile kuliko ngazi za nyumba yake. Kwenye geti la hifadhi mlinzi aliinama kutafuta bomba la moshi, akalikosa, akanitazama kana kwamba nimelificha. Tulipanda ukingo vizuri. Kule juu ukungu ulikuwa mzito, na kamba iliyofunga antena ikakatika. Nikahamia nyuma kuishika kwa mikono, nikamwachia baba mdogo usukani tukianza kushuka. Nani angekuwa bora kuliko yeye kwa mteremko ule?

Tulipofika chini nilisogea mbele nikatazama kipimo cha chaji. Hakikuwa kimepanda hata asilimia moja.

"Baba mdogo, umeshukaje?"

"Na frii, mwanangu," akasema kwa fahari. "Toka kule juu mpaka hapa sijagusa kitu ila breki. Nimekutunzia chaji yako yote."

Dereva yeyote wa dizeli wa milima yetu hufanya hivyo. Akifika kilele hutoa gia, gari hujishukia lenyewe na mafuta yanabaki kwenye tangi. Ni ubahili wanaorithishana. Lakini gari la umeme ni kinyume. Likishuka na gia, magurudumu huizungusha mota, na mota huirudishia betri chaji. Ukiweka frii umekata kamba kati yao. Mteremko wote ule niliouweka kwenye hesabu yangu ulikuwa umeishia kwenye breki, na breki zilikuwa zinanuka kuungua.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kusema maneno ambayo hayasemwi kwa baba mdogo. Nikayameza, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemwonyesha vitasa, taa na mkanda, na wala sikumwambia hilo moja. Nani anamfundisha mzee Sylvesta kushuka mlima?

Nilipomweleza, alishuka akagusa gurudumu la mbele, akarudisha mkono upesi. "Basi miaka thelathini na mmoja imeliwa na dakika ishirini," akasema, akaniachia usukani.

Nilitegemea kuongeza chaji Endulen, lakini tulipofika umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Tukasonga polepole, madirisha wazi, redio imezimwa. Saa nne kasoro robo asubuhi kipimo kilisoma asilimia nne, na Kakesio bado kilometa kumi na tatu. Mbele yetu palikuwa na kisima cha mifugo: birika refu la saruji, kibanda cha pampu, na juu yake safu mbili za paneli za sola zinazong'aa. Nikasimama hapo. Sikuwa na pengine pa kusimama.

Kwanza nilimpigia Vedasto. Ndiyo, nilimpigia. Watoto kwanza, kiburi baadaye. Alicheka mpaka nikasikia wageni wake nao wanacheka bila kujua wanacheka nini. Lakini alikuwa ndani ya kreta, na hata angeondoka dakika ileile asingefika kabla ya saa nane. "Nisubiri hapohapo usiondoke," akasema. "Mnyororo ninao."

Nikakata simu, nikaenda kwa katibu wa maji. Aliitwa Moloimet, mwanamume wa makamo mwenye daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Paneli zile hazina nguvu ya kufanya kazi mbili: ama pampu ivute maji, ama soketi ya kibandani itoe umeme. Kwa hiyo nilikuwa naomba maji yasimame.

"Hapa hunywa mifugo," Moloimet akasema. "Una mifugo?"

"Sina."

"Basi huna zamu."

"Saa moja na nusu tu, kaka."

"Saa moja na nusu ni ng'ombe arobaini. Unataka ng'ombe arobaini wasimame juani ili gari linywe?" Akanikazia macho. "Na kila anayekuja huku na gari huja kuhesabu, ama sisi ama wanyama. Wewe umekuja kuhesabu nini?"

Nilimwambia kuhusu redio na watoto na kituo cha anga. Wanaume waliokuwa kwenye birika walicheka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Moloimet alikuwa na haki. Niliwaona wale ng'ombe wakishuka kilimani, shingo zimenyooka kuelekea maji, na nikaona haya kwa nilichokuwa naomba. Lakini niliwaona pia watoto wamepanga mstari Kakesio wakitazama barabara. Sikuondoka pale nilipokuwa nimesimama.

Mwenye wale ng'ombe alikuwa mwanamke. Alikuja nyuma yao na fimbo yake, mrefu, kichwa kimenyolewa, shanga zikigongana kifuani. Baba mdogo alimsalimu kwanza kwa Kimasai, kama anavyosalimiwa mama, "Yeyo, takwenya," naye akaitikia "Iko" bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye antena.

"Ndiye huyu wa redio?" akauliza kwa Kiswahili.

"Ndiye mimi, yeyo."

"Mjukuu wangu Sifa ana swali la kuuliza huko juu. Wiki tatu analisema kwa mbuzi. Hata mbuzi wanalijua." Akamgeukia Moloimet. "Zamu ya sasa ni ya nani?"

"Yako, Sintamei."

"Basi."

"Basi nini? Zamu ni ya kunywesha ng'ombe wako. Haigawiwi kwa mgeni. Ukiiacha inakwenda kwa anayefuata, na huyo hukosi kumjua." Anayefuata alikuwa Moloimet mwenyewe. "Ndiyo kanuni. Ulikuwepo tulipoipitisha."

Niliona taya za yule mama zikikaza. Baadaye nilikuja kujua kwamba tangu mumewe afariki wanaume wale walishajaribu mara mbili kumsogeza mpaka zamu ya jioni, maji yakiwa tope, kwa sababu mwanawe yuko mbali mjini na hana mwanamume wa kusimama birikani. Mara zote mbili alilala kibandani mpaka wakachoka. Angeipoteza zamu ile ya saa nne kwa hiari yake mbele ya mashahidi, asingeirudisha tena. Na bado alinyoosha fimbo yake kuelekea Friji.

"Sigawi zamu," akasema. "Nanywesha ng'ombe wangu. Yule."

Wanaume wakacheka tena, ila mara hii kicheko kilikuwa kifupi.

"Halina olmishire," Moloimet akasema. "Ng'ombe asiye na alama hana mwenyewe. Hilo nalo ni kanuni."

Sintamei alimpa mgongo. Alikwenda kibandani, akang'oa msumari mrefu uliokuwa umetundikiwa kamba, akaja mpaka kwenye mlango wa dereva. Ule mlango. Msasa wa mkono, rangi mara tatu. Akaweka ncha ya msumari juu yake, akanitazama. Hakuniomba. Alikuwa anasubiri kuona kama mimi nina kitu ninachoweza kutoa, kwa sababu yeye alikuwa ameshaweka chake mezani.

"Kwaruza, yeyo," nikasema.

Alikwaruza taratibu, kwa nguvu, mpaka bati likaonekana: mstari mmoja mrefu na nusu duara juu yake, alama ya ng'ombe wa marehemu mumewe. Meno yaliniuma kwa ule mlio. Alipomaliza alipuliza unga wa rangi, akapiga mlango makofi mawili kama mtu anavyompiga ng'ombe ubavuni.

"Andika," akamwambia Moloimet.

Moloimet alifungua daftari akalifunga, akalifungua tena. Hakuandika. Lakini alikwenda akazima pampu.

Nikachomeka waya. Ng'ombe walipoona maji yamesimama walianza kulia, arobaini kwa pamoja, na ule mlio nausikia mpaka leo. Sintamei alimwagiza mke wa mwanawe, aliyekuja naye na ng'ombe, awapeleke kivulini wangoje mpaka zamu zote ziishe. Kwetu Wairaqw, Mungu anaitwa Looa, na jua pia ni Looa, na ni mama. Nilizitazama zile paneli nikamwambia kimoyomoyo: Mama, leo usijifunike na wingu. Hakujifunika.

Saa tano na nusu nikachomoa. Sintamei alifungua mlango wa mbele akakaa. "Ng'ombe wangu haendi mahali bila mimi," akasema. Baba mdogo alikwenda nyuma mwenyewe, akaishika antena bila kuambiwa. Barabara ilikuwa ya mawe, na kila jiwe lilikula chaji yangu. Karibu na Kakesio pana mteremko mdogo. Niliushuka na gia, na baba mdogo akachungulia kipimo juu ya bega langu.

"Imeongezeka moja!" akapiga kelele. "Marsela, imeongezeka kweli!"

Tulifika saa sita kasoro dakika mbili. Watoto walikuwa wamepanga mstari tangu asubuhi, na Mwalimu Inosenti alikuwa ameacha kutazama barabara, anatazama viatu vyake. Hakukuwa na muda wa salamu. Waya wa redio ukaenda kwenye gari, antena ikapanda, baba mdogo akaushika mti wake na mimi nikamwonyesha pa kuielekeza. Saa sita na dakika kumi na nne nikaita. Kimya. Nikaita tena. Mikwaruzo tu. Nikaita mara ya tatu.

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya ile mikwaruzo, wazi, imetulia, inaitaja Kakesio.

Watoto hawakupiga kelele. Nilidhani wangepiga. Walisogea tu, wote kwa pamoja, hatua moja karibu na redio. Mimi nililia na sikujificha.

Waliuliza mmoja mmoja kwa Kiingereza walichokikariri, na Inosenti akawa anatafsiri majibu. Wa sita alikuwa Sifa, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Hakuhitaji kusogea kwenye kipaza sauti.

"Huko juu, maji mnapata wapi?"

Jibu lilikuja baada ya sekunde chache. Yule mwanamke alisema maji hayawatoshi kupoteza hata tone. Jasho lao, mvuke wa pumzi zao, hata mkojo wao, vyote hukusanywa, husafishwa, na kunywewa tena, na mtambo ukiharibika kila mtu hupimiwa. Kusikia mkojo, shule nzima ilianguka kwa kicheko. Sifa akamgeukia bibi yake akamweleza kwa Kimasai. Sintamei hakucheka. Alikuwa anaitazama redio, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Huyo anaujua ukame," akasema.

Dakika mbili baadaye sauti ilianza kufifia, ikawa mkwaruzo, ikaisha. Kituo kilikuwa kimeshavuka. Sintamei alimshika Sifa kichwani, akamaliza maji kwenye kibuyu chake, akaanza kurudi kwa miguu kilometa zote kumi na tatu. Nilimsihi asubiri tupate chaji ya kumpeleka. "Ng'ombe wangu wana kiu," akasema, na hakugeuka.

Nilimpigia Vedasto asije, na Friji likakaa siku mbili kwenye sola ya zahanati, baada ya mganga kuridhika kwamba friji lake la chanjo halitaguswa. Ijumaa jioni tulirudi kisimani. Jumamosi saa nne asubuhi nililiweka kwenye mstari nyuma ya ng'ombe wa Sintamei, kwa sababu aliniamuru niliweke hapo hata kama lingechomekwa jioni, mifugo yote ikishamaliza. Moloimet alikuwa birikani anahesabu kwa fimbo, mgongo hadi mgongo, kama anavyohesabu kila asubuhi. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Akafika kwenye boneti, akasimama. Sintamei alikuwa upande wa pili wa birika, anamtazama.

Fimbo ikagonga bati. "Arobaini na moja," Moloimet akasema, kwa sauti ya mtu anayetema mate, akaandika.

Sikuwahi kumwona mtu akisimama wima kama yule mama alivyosimama. Kama Friji ni ng'ombe wake, basi Jumatano alikuwa amenywesha, hakuiacha zamu; haikuguswa siku ile, na Inosenti ananiambia haijaguswa mpaka leo.

Jua la jioni la siku tatu lilitupa chaji ya kutufikisha Endulen, ambako umeme ulikuwa umerudi, na Jumanne mchana tuliingia Karatu kwa magurudumu yetu. Vedasto alikuwa stendi na wenzake. Alilizunguka gari akitafuta alama ya mnyororo, akakosa. Kisha akauona mlango.

"Pole sana, dada Marsela! Nani amekufanyia unyama huu? Nina fundi rangi, siku moja tu ataufuta."

"Thubutu," nikamwambia. "Hiyo ni alama ya ng'ombe wa Sintamei wa Kakesio. Hili lina zamu ya maji kisimani, saa nne asubuhi, limeandikwa kwenye daftari. Hayo manne yako yana zamu wapi?"

Alikuwa ameshika simu ya kupigia picha; akairudisha mfukoni. Wale madereva waliokuwa wakicheka walikuja mmoja mmoja kupitisha kidole kwenye ule mkwaruzo. Baba mdogo akawa anawaeleza, kwa sauti kubwa na kwa hasira kama vile walikuwa wamembishia, kwamba gari la umeme halishuki na frii.